Dawa Isiyo na Harufu

Plasta hakuwa hodari wa kukumbuka nyuso. Alikumbuka meno. Ungeweza kukutana naye njiani ukamsalimu kwa bashasha zote, naye akakujibu huku akikutazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali, mpaka ucheke. Ukishacheka tu, basi: "Ahaa, kumbe ni wewe," na hapo atakuuliza habari za mkeo, na za mguu wako uliovunjika, na kama lile gego la chini bado linasugua. Ndiyo maana ugonjwa ulipoingia na watu wote wakaziba midomo kwa barakoa, alimwambia dada yake kuwa amebaki bila rafiki hata mmoja mji mzima.

"Kwani ulikuwa nao lini?" dada yake akamuuliza.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Jina la Plasta alilipata kwa vumbi jeupe lililomkaa kwenye nyusi, vumbi ambalo hata siku ya harusi ya mtu lilikuwa halimtoki. Kliniki aliyofanyia kazi ilikuwa na chumba cha mbele, chenye kiti cha wagonjwa, taa na mashine ya kuchonga meno. Kisha ukivuka kibaraza cha sementi unafika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo zamani. Mbele alitawala Daktari, nyuma alitawala Plasta. Wote wawili walianza pamoja. Kile kiti walikibeba wenyewe kutoka kwenye lori siku ya kwanza, Daktari akateleza, kiti kikamwangukia Plasta kwenye kidole cha mguu, na ukucha wake haukunyooka tena. "Kliniki hii imejengwa juu ya kidole cha fundi wangu," Daktari alizoea kusema mbele ya wageni, na Plasta aliona haya, akatazama chini, akafurahi.

Kati ya mbele na nyuma alikuwapo Mama Pacha, msaidizi wa Daktari. Huyu ndiye aliyeshika mrija wa kunyonya mate, ndiye aliyewashika mikono waoga, ndiye aliyeleta chapa. Chapa ni hivi: mtu anayetaka meno ya bandia huwekewa mdomoni kisinia kidogo chenye ute mzito kama uji. Anauma, anangoja, na ute ukishaganda unatolewa ukiwa umeshika sura ya meno na ufizi wake wote. Pamoja na sura hiyo, yanatoka mate yake, na pengine damu. Fundi humimina plasta, unga mweupe uliokorogwa kwa maji, ndani ya chapa apate mfano wa kinywa, kisha ndipo kazi yake inapoanza. Kwa hiyo Plasta hakuwahi kutia mkono kinywani mwa mtu, lakini vinywa vya watu vilimfuata mezani.

Kanuni ilikuwa moja. Chapa ioshwe kwa maji, ilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, isuuzwe, ndipo ivuke kibaraza. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Pacha, na Plasta alikuwa na namna yake ya kuthibitisha: akiipokea chapa, aliinusa kwanza. Ikimchoma pua, anaiweka mezani. Mama Pacha alimcheka tangu siku za mwanzo. "Kaka, unanusa kama mtu anayenunua samaki."

"Samaki angekuwa nafuu," Plasta akajibu. "Samaki hawana mate."

Ndivyo walivyoishi. Saa ya chai Mama Pacha alileta vikombe huko nyuma, akakaa juu ya gunia la plasta, akamsimulia vituko vya chumba cha mbele: bwana fulani mwenye misuli kama mchukuzi aliyezimia kwa kuona sindano tu, bibi fulani aliyemng'ata Daktari kidole kisha akamtaka Daktari ndiye aombe radhi. Plasta hakuwa msemaji. Alisikiliza huku akipasha nta ya kupangia meno, akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Wale pacha wa Mama Pacha walimwita mjomba.

Ugonjwa ulipofika, kliniki ilifungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa kwa masharti. Watu wa meno walikuwa na hofu yao ya pekee, na walikuwa na haki. Mwingine akiogopa kikohozi cha mtu huweza kusogea pembeni. Wao riziki yao iko ndani ya kinywa kilicho wazi. Ile mashine ya kuchonga hurusha maji, maji hubeba mate, na matone yake madogo hubaki yakielea hata mgonjwa akishakwenda zake. Daktari aliyaeleza haya yote siku waliporudi kazini, akavaa kinga ya uso ya plastiki, akaamuru madirisha yawe wazi. Hakuna aliyekuwa hajui. Mtu asije akasema baadaye kwamba palikuwa na ujinga pale.

Plasta hakujiogopea sana. Alimwogopea dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, yeye alikuwa binti wa kuposwa na Plasta alikuwa bado hajajua kufunga vifungo. Posa ikapita, Plasta akabaki. Dada alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la mbele. Nao walipozeeka pamoja nyumba moja, alizoea kusema, "Mafundi wawili ndani, na kiti cha jikoni kimevunjika mwaka wa tatu." Lakini kifua chake kilikuwa cha pumu. Vumbi la kitambaa tu lilitosha kumfanya akae kitako kitandani, mikono magotini, akiivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Wote wawili walijua bila kuambiana: ugonjwa ule ukimpata, haitakuwa mchezo.

Ndipo Plasta akasema atahamia chumba cha uani mpaka mambo yatulie. Atapikiwa, atawekewa chakula mlangoni. Alikwisha kukifagia na kutoa mabati ya zamani. Kabla hajahamisha kitanda, alimwuliza Mama Pacha.

"Wewe?" Mama Pacha alisema. "Kaka, wewe uko salama kuliko sisi sote. Mgonjwa humwoni, wala hakukoholei. Kinachokufikia nimekiosha na kukiloweka kwa mikono yangu hii. Sasa umwache dada yako peke yake na pumu yake, ikimshika usiku nani atamsikia?"

Ilikuwa hoja nzito. Plasta alirudi nyumbani akamweleza dada yake neno kwa neno.

"Na wewe unamwamini?" dada akauliza.

"Kama ninavyokuamini wewe."

"Basi rudisha mabati yako mahali pake, na uje ule."

Wakaendelea kula meza moja.

Siku zikapita. Chapa zilikuja zikimchoma pua hata kupita barakoa, naye akashukuru kwa kuchomwa. Kisha, mvua zilipoanza, ikaja chapa isiyonukia chochote. Aliisogeza, akaishusha barakoa kidogo, akanusa tena. Hamna kitu. Akaingiwa na hofu, maana alikwisha sikia kwamba ugonjwa wenyewe humwibia mtu harufu. Akafungua kopo la spiriti ya taa yake ya kupashia nta, akanusa: ikampiga mpaka machozi. Pua ilikuwa nzima. Akavuka kibaraza akasimama mlangoni pa chumba cha mbele, chapa ikiwa mkononi.

"Mama Pacha, hii imelowekwa?"

Mama Pacha alimtazama Daktari. Daktari alikuwa ameinama akipanga vifaa, hakugeuka.

"Tumebadilisha dawa, fundi," Daktari alisema. "Hii mpya haina harufu. Ile ya zamani ilikuwa inatuua mapafu."

"Haina harufu kabisa?"

"Kabisa. Pua yako sasa ipumzike."

Mama Pacha akacheka. "Samaki wamekwisha sokoni, kaka."

Plasta akacheka pia, akarudi nyuma. Tangu siku hiyo aliacha kunusa. Unanusaje kitu ambacho umekwisha ambiwa hakinuki?

Kuna mambo mengine aliyoyaona, akayapa maana nyepesi. Mama Pacha aliacha kuleta chai nyuma; alisema kazi zimekuwa nyingi. Akiwa na chapa aliiweka kwenye ukingo wa dirisha, akagonga kioo, akaondoka kabla Plasta hajanyoosha mkono. Pacha nao walipelekwa kwa bibi yao, mbali. "Shule zimefungwa," Mama Pacha alieleza, "wananimalizia sukari." Plasta alihuzunika kidogo, akadhani amemkosea. Usiku mmoja alimwambia dada yake.

"Labda umemchosha kwa maneno yako mengi," dada akasema, na Plasta akacheka mabega yakitikisika.

Mwisho akaja mkufunzi. Idara ya afya ilikuwa inazungusha wakufunzi kwenye kliniki za meno kuona kama wafanyakazi wanaelewa hatari na namna ya kujikinga. Huyu alikuwa mama mnene mwenye viatu vya raba na upole wa mwalimu wa chekechea. Waliketi chumba cha mbele, viti vimetengana: Daktari, Mama Pacha, karani wa mapokezi, na Plasta karibu na mlango, kofia mapajani.

Mkufunzi aliuliza, wakajibu. Matone hukaa hewani kwa nini? Daktari akaeleza vizuri. Glavu zivuliweje? Karani akaonyesha kwa vitendo. Chapa ifanyiwe nini kabla ya kumfikia fundi? Mama Pacha akajibu bila kukwama: ioshwe, ilowekwe, isuuzwe. Mkufunzi akafurahi, akasema laiti kliniki zote zingekuwa hivi. Kisha akageuka mlangoni.

"Na fundi wetu wa nyuma? Wewe unajuaje kama chapa iliyokufikia ni salama?"

Plasta hakupenda kusema mbele za watu. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Zamani nilikuwa nanusa," alisema. "Siku hizi sinusi, kwa sababu dawa yetu mpya haina harufu."

"Dawa ipi hiyo?"

"Jina lake analijua Mama Pacha. Ile iliyoletwa wakati wa mvua."

Mkufunzi akamgeukia Mama Pacha. Mama Pacha akatazama glavu zake. Karani, ambaye hakuwa na jambo la kutazama, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Plasta aliwatazama mmoja mmoja akaona wote wametazama chini. Daktari, Mama Pacha, hata karani aliyeajiriwa juzi. Hapo akaelewa kwamba lile jambo lilijulikana na kila mtu aliyekuwa mle ndani, isipokuwa yeye.

Daktari akacheka. "Msimsikilize fundi wetu. Mzaha ndiyo kazi yake ya pili. Si kweli, Mama Pacha?"

"Ee, anatania," Mama Pacha alisema. "Kaka Plasta ni mtu wa utani sana."

Naye akacheka. Kwa mara ya kwanza Plasta alishukuru kuwa kuna barakoa, maana meno yale aliyajua, alikwisha kumrekebishia jino moja la mbele bure, na hakutaka kuyaona. Alikaa kitini. Mkufunzi alimtazama kitambo, akaandika neno, akaendelea na somo la mwisho.

Mkufunzi alipoondoka, Mama Pacha alimfuata nyuma. Alisimama nje ya mlango, hakuingia.

"Iliadimika," alisema. "Dawa. Kila duka haipo. Kidogo kilichobaki Daktari akasema kiwe cha kiti na vifaa vya mbele, maana mbele ndiko kwenye hatari. Akasema chapa nioshe kwa maji, inatosha."

"Na sasa haipatikani?"

"Ilipatikana. Lakini tulikwisha zoea."

Plasta alikuwa na kisu cha nta mkononi. Akakiweka mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Wanao uliwapeleka kwa bibi yao lini?"

Mama Pacha aligeuza uso kuelekea kibarazani.

"Nakuuliza wewe, Mama Pacha."

"Wiki hiyohiyo."

"Wiki hiyohiyo dawa ilipokwisha."

"Kaka, mimi ni mzazi."

Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, hilo Plasta alilijua tangu utoto. Lakini alikuwa amedhani kwamba ngoma ile ni yao wote.

"Ungeniambia tu mimi," alisema. "Kwa kuninong'oneza. Ningeloweka mwenyewe. Ningelala uani."

"Ungekataa kazi. Na ungekataa, tungefunga. Daktari alisema fundi akijua ataogopa."

"Sasa sikuogopa," Plasta akasema. "Nimekula meza moja na dada yangu."

Daktari naye alipoulizwa hakuwa na maneno mengi. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na alisema kwa sauti ya mtu anayeona anasumbuliwa. "Umeugua? Hujaugua. Uko mzima kama ng'ombe. Ungenisemea mbele ya yule mama wakatufungia, leo tungekula nini sisi wote? Na wewe ukiwemo."

Plasta alitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Kutoka barabarani alisikia cherehani, ikatulia, kikasikika kikohozi, kisha cherehani tena. Dada yake alikuwa anakohoa tangu juzi. Walisema ni vumbi la vitambaa vya barakoa alivyokuwa anashona mfululizo. Plasta hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, kwenye jua, akiwa na barakoa usoni.

"Umekuwa mdai sasa?" dada akamwuliza. "Mbona umesimama huko?"

Akamwambia. Alimwambia yote, na ile "anatania" pia. Dada yake alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alipomaliza, aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo neno lile uliloniletea, kwamba uko salama, lilikuwa lao, si lako."

"Nililileta mimi."

"Uliletewa ukaleta." Akakohoa, akaishika meza. "Mimi nilimpa yule mwanamke gauni la ubatizo wa wanawe. Nililishona kwa mkono, kila ua." Akangoja pumzi. "Nenda kaite gari, mdogo wangu. Hiki kifua si cha vumbi."

Hospitali walimpokea, wakampima, ikaonekana anao. Plasta naye alipimwa: alikuwa nao, ila haukumfanya kitu. Akarudi nyumbani akajifungia, na huko ndani aliwaza jambo moja tu, akilizungusha kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Dada yake alikuwa na wateja wa cherehani. Walikuja, wakapimwa viuno, wakaondoka. Ugonjwa ungeweza kuletwa na yeyote kati yao. Daktari alilisema hilo kwenye simu, tena kwa haraka, kabla hajaulizwa hali ya mgonjwa: "Ila fundi, huwezi kusema umetoka kwetu. Hakuna anayeweza kusema."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtesa. Wangekuwa wamemwambia mapema, angelala uani, na leo angejua kwamba si yeye. Walimnyima dawa, kisha wakamnyima na kujua.

Dada yake alitoka hospitalini siku za joto zilipoanza. Alikuwa hai. Pumzi yake ilikuwa imepungua, na cherehani ya miguu hakuiweza tena. Alikaa pembeni yake akikata nyuzi za wasichana waliokuja kumshonea na kuwakosoa. Plasta alipomshika mkono kumvusha kizingiti, alishtuka kuona ulivyo mwepesi.

Hapo ndipo Daktari alipompigia tena. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kiti na lori. Meno ya watu yamelala yakiwa yametengenezwa nusu, wateja wanalia, yule bibi aliyeng'ata kidole anakula uji mwezi mzima. Dawa sasa iko tele, ile yenye harufu, arudi, wayasahau.

Plasta akaenda. Alimkuta Daktari chumba cha mbele, Mama Pacha akipanga vifaa, karani mlangoni. Hakuvua kofia.

"Nitarudi," alisema, "ila nina ombi moja. Siku ile ulisema natania. Uliyasema hapa, mbele ya hawa. Nataka useme hapahapa, mbele ya hawa, kwamba sikuwa natania."

Daktari alimtazama kama asiyesikia vizuri. "Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

Daktari alitazama dirisha. "Fundi, mambo ya nyuma tuyaache nyuma. Tutazame mbele. Wewe ni mtu mzima."

"Haya," Plasta akasema.

Alivuka kibaraza. Aliyamaliza meno ya yule bibi, kwa kuwa bibi hakuwa na kosa, akayasugua mpaka yakang'aa, akayaweka kwenye maji safi dirishani. Kisha akafunga visu vyake vya nta kwenye kitambaa, taa yake, na aproni. Vingine vyote vilikuwa vya kliniki. Hakuna aliyemwita.

Mama Pacha alimkimbilia getini, barakoa ikining'inia kidevuni. "Kaka. Kaka, nisamehe. Sema neno."

Plasta alisimama. Maneno hayakuwahi kuwa fani yake.

"Wanao hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo. Wamerudi wiki jana."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi mshukuru Mungu," Plasta alisema, na alikuwa anamaanisha, na Mama Pacha akaanza kulia. Akahamishia kifurushi chake kwapa la pili, akashika njia.